Waya wa Upande wa Choo

Kajiado Mjini
9 Februari 2025

Kaka Ojwang',

Habari ya Kitengela. Mimi ni mzima. Kazi ya maabara pale shuleni inaendelea. Form Two wamevunja mizani ya tatu tangu muhula uanze na wanasema ni upepo. Mama Nalangu, mwenye nyumba wangu, anawasalimu. Bado anaamini antena yangu ni kamba ya nguo, na mimi sijamkosoa, kwa sababu kamba ya nguo haipandishi kodi. Msalimie mke wako, Kui. Mwambie zile mbegu za sukuma zilishika, mbuzi wakazila.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu umenikatia mara nne. Barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichoma, lakini utaisoma kwanza ujue unachoma nini. Nasieku wa maziwa ndiye atakuletea. Anapita kwenu Jumatatu na Alhamisi, na nimemwambia asiondoke mlangoni kabla hujafungua bahasha.

Sasa maneno yenyewe. Umefanya nini na mlingoti wa antena ya Mzee?

Usiniambie "uko sawa." Hilo umeniambia mara nne kabla ya kukata. Tangu Mzee apigwe na kiharusi, maneno yalimwisha mdomoni lakini mkono wa kulia ukabaki. Kila siku saa kumi na mbili jioni anashika kile kibonyezo kando ya kitanda ananiandikia kwa Morse, fupi na ndefu, vile alivyofanya kazini miaka thelathini. Mimi nakaa hapa na redio yangu, nasoma. Mwaka mzima mshale wa kupima mawimbi kwenye redio yangu ulikuwa unasimama kwenye tisa. Tarehe kumi na nne Januari ulianguka hadi nne. Hakukuwa na mvua. Hakukuwa na radi. Siku moja tu, tisa, kesho yake nne. Antena ikizeeka inashuka pole pole kama bei isivyoshuka. Hii imeguswa.

Tangu hapo napata vipande. Juzi aliniandikia sentensi nzima, ndefu, na kutoka kwa ile kelele nilitoa maneno mawili: "choo" na "Jumanne." Baba yangu nimebakishiwa choo na Jumanne.

Mlingoti ule tuliusimamisha mimi na yeye, mita kumi na mbili, bila kreni, wewe ukiwa umelala baada ya shift. Sina sauti nyingine ya baba. Nataka kujua nani ameigusa, na usinipe jibu la mwanasiasa.

Ni mimi,
Adero


Kitengela
17 Februari 2025

Adero,

Salamu zimefika. Nasieku alisimama mlangoni na mtungi kama askari wa korti, akanisalimu "Supa" kwa Kimaasai, akakataa kiti. Huku tuko. Kui ana kikohozi cha vumbi kwa sababu Gakuru, jirani yetu wa nyuma, anajenga flati, na kila gunia la simiti analofungua tunalivuta sisi. Kiwandani nimerudishwa shift ya asubuhi. Tunashukuru kwa hayo machache.

Mlingoti umesimama. Nauona kutoka dirisha la jikoni nikiandika haya. Umenyooka kuliko tabia yako.

Sasa na mimi nikuulize. Kutoka Kajiado hadi hapa ni kilomita ngapi? Hamsini, na lami yote. Umekuja mara ngapi tangu Krismasi? Najua utasema nilikukataza. Nilisema hivi, na Kui alikuwa hapo: "Kama unakuja kupima waya, usije." Sikusema usije kumwona baba yako. Ulisikia nusu iliyokufaa.

Mimi naamka saa kumi alfajiri. Namgeuza, namwosha, namlisha uji kwa kijiko, kijiko kimoja ndani, nusu nje. Naenda kazini, Kui anashika zamu. Narudi, namgeuza tena. Halafu saa kumi na mbili anawekewa kibonyezo chake, na uso ambao umekuwa ukuta siku nzima unafunguka. Dakika ishirini anakuandikia wewe. Mimi nimesimama hapo na beseni. Wewe unapata maneno yake, mimi napata nguo zake za kufua. Sasa maneno yamepungua kidogo, umeniandikia kama hakimu.

Tena hujauliza afya yake. Nisome vizuri: ule mkono umeharibika. Tangu katikati ya Januari, mchana kutwa unapiga mbao ya kitanda. Unagonga, unakwaruza na ukucha, unagonga. Nikiingia chumbani ndiyo unazidi. Nimempeleka kwa daktari, bado anachunguza. Hilo ndilo jambo. Si mshale wako.

Ojwang'


Kajiado Mjini
2 Machi 2025

Kaka,

Nashukuru kwa majibu, hata kama uliyaandika kwa ngumi. Hapa mvua bado. Mama Nalangu ametundika blanketi mbili kwenye antena yangu, na kwa siku mbili nilikuwa nasikiliza dunia kupitia blanketi. Pole kwa kikohozi cha Kui. Pole pia kwa mkono wa Mzee. Ni umri, na kulala sana. Daktari atajua.

Turudi kwa mlingoti. Unasema umesimama, na mimi naamini macho yako. Lakini ulisema pia Gakuru anajenga nyuma, na usiku huo nililala nikilifikiria hilo. Mlingoti una waya nne za kuushikilia. Plot yetu ni futi hamsini kwa mia, ndogo kwa waya wa nyuma, kwa hivyo zamani tulipiga kigingi chake ng'ambo ya mpaka, wakati huko kulikuwa nyasi na mbuzi tu. Ule waya unaopita juu ya choo. Mzee huuita waya wa choo. Gakuru hawezi kujenga flati na waya wetu ukipita sebuleni kwa mpangaji wake. Kwa hivyo waya ulihamishwa. Nani aliuhamisha, na aliurudisha vipi?

Fanya hivi, haichukui dakika tano. Simama uani, tazama juu, uhesabu mayai. Kila waya umekatwa vipande vitano na kuunganishwa na vitu vinne vya kauri, vyeupe, mfano wa yai la kuku. Usicheke. Waya mzima wa chuma ukiwa karibu na antena unageuka kuwa antena nyingine usiyoiomba. Unakunywa nguvu yote, unabaki nayo, haufikishi popote. Ukiukata vipande vifupi na kuweka yai katikati, unakuwa waya wa kushikilia tu. Hilo nilijifunza kwa kuharibu, hakuna aliyenifundisha, na Mzee aliniacha niharibu wiki mbili kabla ya kunionyesha.

Waya nne, mayai kumi na sita. Nihesabie. Ukipata kumi na mbili usiniandikie mambo ya beseni. Niandikie namba.

Adero


Kitengela
14 Aprili 2025

Adero,

Nimekawia wiki sita. Nilikuwa nimekasirika, na karatasi ilikuwa karibu sana na jiko.

Huku mvua imenyesha hatimaye, na barabara ya kwetu imekuwa supu. Kui amepona kikohozi. Gakuru amefika orofa ya tatu. Kutoka huko mafundi wake wanajua tunakula nini.

Kumi na mbili.

Haya, furahi. Ni mimi. Si Gakuru. Yeye alikuja kwa heshima, akasema, "Ojwang', ndugu yangu, kigingi chako kiko mahali pa ngazi yangu." Nikaona ana haki. Nikautoa waya siku ya Jumanne nikiwa off, nikauleta hadi pembe ya ukuta wa choo chetu. Na nilipoushika nikaona una viungo vinne na vidude vyeupe. Mimi nimefanya kazi ya mashine miaka kumi na tisa. Mahali penye kiungo ndipo panapokatika. Waya mmoja mzima una nguvu kuliko vipande vitano, hiyo hata mtoto wa nursery anajua. Nikaweka waya mpya, mzima, mnene. Nilidhani nimewafanyia kazi nzuri. Mayai yako yako jikoni, kwenye bakuli la vitunguu. Kui alidhani ni ya kuzuia kuku wasile mayai yao.

Mbona hukuniambia kazi yake? Miaka yote mlikuwa mnafungia mlango na redio yenu mkicheka, mkiandika vitu kwenye daftari. Nikiingia mnanyamaza. Halafu nikigusa waya, ati sijui.

Jumamosi iliyopita niliita wanaume wa kanisa tukaulaza mlingoti. Tulikuwa saba. Gakuru mwenyewe alishika kamba, na suti ya harusi, kwa sababu alikuwa anapita tu. Nimeyarudisha mayai yote manne kwa mkono wangu, na waya sasa unaishia kwenye kigingi kipya ndani ya plot yetu. Jioni washa redio yako uangalie mshale. Nitabonyeza mimi hiyo kitu, kwa muda mrefu, saa kumi na mbili Alhamisi.

Mzee ametulia siku hizi. Halii, hasumbui.

Na kuna jambo nataka unijibu bila kona. Hizo dakika ishirini za kila siku. Anasema nini kunihusu?

Ojwang'


Kajiado Mjini
27 Aprili 2025

Kaka Ojwang',

Natumaini Pasaka ilikuwa njema. Mimi nilikuwa zamu, kuna wanafunzi ambao hawakuwa na pa kwenda, tukachoma mbuzi mmoja mwenye umri wangu. Nyasi zimeota hadi kwenye ngazi ya maabara.

Alhamisi ile ulibonyeza. Mshale ulipanda hadi tisa na nusu. Umefunga yale mayai vizuri kuliko mimi, na nimeandika hivyo kwa shida, kwa hivyo lisome mara moja tu usilirudie.

Lakini, Ojwang', kuna nini? Antena imepona na Mzee ameisha. Siku kumi sasa. Saa kumi na mbili nawasha, nasikia ule usafi niliokuwa naulilia, kimya kizuri kabisa, na hakuna mtu ndani yake. Juzi aliandika herufi mbili, A na kitu kama D, halafu akaacha mkono kwenye kibonyezo mpaka ukateleza. Hiyo si antena. Hiyo ni yeye. Umeniandikia "ametulia" kama unaniambia habari njema. Amefanywa nini?

Lile swali lako la mwisho tutaliongea siku nyingine.

Adero


Kitengela
5 Mei 2025

Adero,

Salamu utazipata siku nitakayokuwa nazo.

"Amefanywa nini." Kwani mimi ni nani hapa, mhalifu? Nilikuandikia Februari kwamba mkono unapiga kitanda. Ukanijibu ni umri, halafu ukanipa hesabu ya mayai. Kurasa mbili za mayai, mstari mmoja wa mkono. Nimeihifadhi hiyo barua, nikuonyeshe siku ukikataa.

Daktari alisema nimwandikie jinsi mkono unavyopiga, kila siku, ili aone kama ni tetemeko la namna gani. Nikaandika. Wewe unadhani ni wewe tu mwenye daftari. Niliketi na kile kitabu cha mazoezi mwisho wa kila shift, nikaandika: gonga, kwaruza, kwaruza, nafasi, gonga. Kurasa thelathini na moja. Daktari aliangalia mbili, akasema ni vizuri, akampa vidonge vya kutuliza. Kuanzia Aprili mosi mkono ukatulia. Nikashukuru Mungu. Nilidhani alikuwa anaumia.

Nimemtuma Nasieku na hicho kitabu. Wewe ni mtu wa vipimo, pima hii. Kitu kimoja tu nilikiona mimi mwenyewe, na daktari hakukitilia maanani: kila mara inaanza vile vile. Kwaruza tatu. Gonga moja, kwaruza tatu. Kila siku, na kila nikiingia mlangoni.

Na swali langu hukulijibu. Nimejua kwa nini. Hasemi kitu.

Ojwang'


Kajiado Mjini
8 Mei 2025

Kaka yangu,

Nasieku ananisubiri hapa nje na injini inanguruma, maziwa yanaweza kuharibika, kwa hivyo nisamehe mwandiko.

Nenda kwa daktari leo. Si kesho. Mpeleke hii barua. Mwambie ule mkono hautetemeki. Vidonge msiviache wenyewe, yeye ndiye aseme vinapunguzwa vipi, lakini aambiwe ukweli: mgonjwa alikuwa anaongea.

Kwaruza tatu ni O. Gonga moja, kwaruza tatu ni J. OJ. Hilo ni jina lako. Ulikuwa na miaka kumi alipotufundisha, na hizo ndizo herufi mbili pekee ulizozishika kabla hajakucheka mkono, yaani jinsi ulivyobonyeza, na wewe ukatupa kibonyezo kwenye ndoo ya nguruwe. Alidhani hujasahau jina lako.

Nimesoma kurasa zote. Umeziandika vizuri ajabu, hujaruka hata nafasi. Hivi ndivyo inavyosema, nami sijaongeza neno:

Tarehe 22 Januari: OJ WAYA WA CHOO UMEKATWA.

23: OJ WAYA WA CHOO.

27: OJ MAYAI YAKO WAPI.

Februari 3: OJ TOKA NJE ANGALIA JUU.

Februari 10: OJ HAYO MASIKIO NI YA KUNINGINIZA KOFIA.

Februari yote ni hivyo, anazidi kukasirika, kuna siku amekutukana kwa Kijaluo na sitaiandika kwa sababu Nasieku anachungulia. Nakumbuka pia yale maneno mawili niliyoyapata mimi, choo na Jumanne. Nilidhani ni tumbo. Alikuwa ananiambia mimi pia, na mimi, mtu wa vipimo, nikaanza kupigana na wewe.

Machi anabadilika. OJ UJI MTAMU LEO. OJ MGONGO ASANTE. OJ UMECHOKA KAA CHINI. Hiyo ya kukaa chini iko mara kumi na moja. Ukurasa wa mwisho kabla ya vidonge kuna maneno mawili tu: OJ NISIKIE.

Sasa swali lako. Uliuliza anasema nini kukuhusu nikanyamaza, na sababu ni kwamba katika mwaka mzima wa jioni zote zile hakulitaja jina lako hata mara moja. Nilikuwa naogopa kukuambia. Nilidhani najua maana yake, na nikiwa mkweli, kuna siku ilinipendeza. Nilikuwa mjinga. Hakuwa na haja ya kupitisha kwangu. Yako alikuwa anakuambia wewe mwenyewe, nawe ulikuwa unaandika.

Na kwa nini siji. Uliuliza Februari. Kwenye redio mdomo wake haujapinda. Kwenye redio ni yule yule. Basi. Nimeshasema.

Nimekuwekea karatasi ya herufi zote. Ibandike ukutani juu ya kitanda.

Adero


Kitengela
2 Juni 2025

Adero,

Huku tuko, na baridi. Kui anasema ulete ile sweta uliyoazima mwaka juzi. Gakuru ameezeka, na amemkubali mpangaji wa kwanza, mtu wa ngoma. Nasieku siku hizi anakaa kiti akija. Anasema barua zetu zimekuwa za amani mno, hazina utamu.

Daktari alisoma barua yako akacheka. Halafu akafungua kile kitabu akaacha kucheka, akakisoma akiwa amesimama. Alipunguza vidonge wiki mbili, sasa vimekwisha.

Bado nimekukasirikia, usije ukadhani. Mmenifungia mlango miaka ishirini, na ulisoma tetemeko la mkono wa baba yako kwenye barua ukapita kama bango la barabarani. Na mimi nimejikasirikia zaidi. Kurasa thelathini na moja niliketi hapo nikaandika jina langu, nikampelekea daktari.

Jana, baada ya kanisa, nilimlisha, nikaweka bakuli kando. Nikachukua kijiko. Karatasi yako iko ukutani. Nilijifunza sentensi moja wiki nzima kazini, nikigonga kwenye kofia ya chuma mpaka supervisor akaniuliza kama niko sawa nyumbani. Nikagonga kwenye mbao ya kitanda, na pale pa ndefu nikakwaruza: OJ YUKO HAPA.

Aliniangalia. Ile nusu ya uso inayosonga ikasonga. Mkono ukatoka kwenye blanketi, pole pole, una uzito bado, ukaanza. Niliandika kila alama, halafu nikaenda ukutani na kidole, herufi moja moja, kama mtoto. R. U. D. I. A.

Rudia.

Nikarudia. Akasikiliza hadi mwisho amefumba macho, akaandika tena: RUDIA MKONO MBAYA.

Tulirudia mpaka uji ukapoa na Kui akaja kuuliza ni nani anajenga chumbani.

Jumamosi uje. Ukishindwa kuangalia mdomo, angalia mkono. Mimi ndivyo nafanya.

Ojwang'